Vidonge Kumi na Saba

Kila usiku, ifikapo saa mbili, mama mmoja wa mtaa wa Biryogo, jijini Kigali, hupanda juu ya kigoda na kuteremsha kopo la bati kutoka juu ya kabati, mahali ambapo mkono wa mtoto mdogo haufiki. Ndani ya kopo mna pakiti mbili za vidonge. Vyote ni vya rangi ya manjano, na mtu asiyevijua angeweza kudhani kuwa ni dawa moja. Ndiyo maana pakiti moja imefungwa uzi mweusi. Mwanawe wa miaka 8 huitwa kutoka uani, miguu ikiwa bado na vumbi la mpira. Hupewa kidonge kimoja na bilauri ya maji, hukunja uso, humeza, kisha hurudi alikotoka kana kwamba hakuna lililotokea. Mama huchukua penseli na kutia alama katika kalenda iliyotundikwa ukutani.

Dakika chache baadaye simu hulia. Ni baba wa mtoto, koplo wa jeshi aliyeko Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, ambako wanajeshi wa Rwanda wamekuwa wakilinda amani chini ya Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2014. Huko ni saa moja tu, maana saa za Bangui ziko nyuma ya zile za Kigali. Baada ya salamu haulizi kodi wala karo. Huuliza neno moja: "Amekunywa?" Naye mkewe hujibu, "Amekunywa, baba watoto." Ndipo mazungumzo mengine yafuatapo.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi saba, hadi ilipoingia likizo ya mwezi wa Desemba.

Mgeni anayeketi katika baraza ya nyumba ile hawezi kumtambua mtoto anayetibiwa miongoni mwa wenzake. Nywele zilizokuwa zimepukutika zimeota tena. Hula, hugombana, hupanda miti. Hata hivyo, mwaka mmoja tu kabla ya likizo hiyo alikuwa akibebwa mgongoni. Alianza kwa kulalamika kuwa mifupa inamuuma, nyumbani wakadhani ni uchovu wa michezo. Ikafuata homa, wakadhani ni malaria. Kisha fizi zikaanza kutoka damu, na mabaka ya zambarau yakajitokeza mapajani bila yeye kuanguka wala kupigwa. Damu ilipopimwa, na baadaye uboho wa mfupa wa nyonga ulipochomwa kwa sindano na kutazamwa kwa hadubini, jina la ugonjwa likajulikana. Ilikuwa ni lukemia, yaani saratani ya damu, ya aina ile inayowapata zaidi watoto.

Uboho wa mifupa ndio kiwanda cha damu. Humo huzaliwa chembe nyekundu zinazobeba hewa, chembe sahani zinazogandisha damu, na chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu vya maradhi. Katika lukemia, chembe nyeupe changa huacha kukomaa na kuzaana ovyo mpaka zinajaza kiwanda chote, na chembe nyingine zikakosa mahali. Ndiyo sababu mtoto hupauka, huvuja damu, na kila homa huwa hatari kwake.

Kutoka Kigali mtoto alipelekwa Butaro, katika wilaya ya Burera, kaskazini mwa nchi, milimani, karibu na mpaka wa Uganda. Hospitali hiyo yenye kuta za mawe ya volkano ilifunguliwa mwaka 2011, na mnamo Julai 2012 kikafunguliwa hapo kituo cha kutibu saratani, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na shirika la Partners In Health, ambalo wananchi wa Rwanda hulijua zaidi kwa jina la Inshuti Mu Buzima. Kabla ya hapo, mzazi wa kipato cha kawaida mwenye mtoto wa namna hii hakuwa na njia pana ya kupita. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kufunguliwa kwa mlango kulimaanisha kila aingiaye hutoka akiwa mzima. Butaro ilianza kwa kuwatibu watoto wa lukemia kwa dawa za nguvu ya wastani, kwa kuwa dawa kali mno zahitaji damu ya kuongezea, maabara na vyumba vya wagonjwa mahututi kwa wingi usiopatikana kila mahali, na watoto wengi zaidi walipotea kuliko inavyokuwa katika nchi tajiri. Katika nchi hizo, kiasi cha watoto 9 kati ya 10 wenye ugonjwa huu sasa huishi miaka mitano na zaidi. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2018, lilijiwekea lengo la kwamba ifikapo mwaka 2030 watoto wasiopungua 60 kati ya 100 wenye saratani wawe wanapona duniani kote.

Majuma ya kwanza yalikuwa ya sindano. Mojawapo ilikuwa ya vinkristini, dawa itokayo katika mmea wa Bukini wenye maua ya waridi ya petali tano, ambao watu wa pwani huupanda uani kwa ajili ya uzuri wake tu. Zilikuwapo pia sindano za uti wa mgongo, kwa kuwa ugonjwa huweza kujificha katika maji yanayouzunguka ubongo. Mtoto alitapika, akavimba uso, akanyonyoka nywele. Kisha ikaja siku ambayo daktari alisema kuwa ugonjwa hauonekani tena hata kwa hadubini. Mama akamshukuru Mungu, akauliza ni lini atapewa ruhusa ya kuacha dawa. Alipojibiwa kwamba kazi iliyobaki ilikuwa ya miaka miwili na zaidi, alihisi kama mtu aliyepanda mlima na kuonyeshwa kuwa kilele kiko nyuma ya mlima mwingine.

Dawa za safari hiyo ya pili ni mbili. Mekaptopurini humezwa kila usiku. Methotreksati, ile yenye uzi mweusi, humezwa mara moja tu kwa wiki. Kwa mtoto huyu ni vidonge vidogo sita kila usiku wa Ijumaa. Uzi ule si urembo. Methotreksati ikinywewa kila siku kwa makosa yaweza kuua, na makosa hayo yameua watu katika nchi mbalimbali. Koplo, aliposikia maelezo hayo kabla ya kusafiri, alizipa dawa hizo jina ambalo limebaki nyumbani humo mpaka leo: dawa za lindo. Kwa maana adui amekwisha kufukuzwa, kambi iko kimya, na askari yuasimama macho usiku kucha akilinda mahali ambapo hakuna mtu amwonaye.

Swali la mama yule, la kwa nini mtoto asiyeonekana kuumwa alishwe sumu, si la kijinga hata kidogo. Madaktari wenyewe waliwahi kuulizana, wakaona kwamba maneno matupu hayatatosha kulijibu. Mwaka 1959, nchini Marekani, Emil Freireich na wenzake kutoka hospitali 11 walianza jaribio. Waliwachukua watoto ambao ugonjwa wao ulikuwa umekwisha kutulizwa kwa dawa ya prednisoni, wakawapanga wawili wawili. Katika kila jozi mmoja alipewa mekaptopurini, na mwenzake alipewa kidonge cha umbo lile lile kisichokuwa na dawa ndani. Wazazi hawakujua nani kapewa nini, wala madaktari waliowatazama hawakujua. Hesabu ilikuwa moja tu: ni yupi kati ya wawili atakayekaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujarudi.

Jozi zilipofika 21, jaribio lilisimamishwa, kwa kuwa jibu lilikuwa limepatikana. Katika jozi 18 aliyekuwa na dawa ndiye aliyedumu zaidi. Katika jozi 3 tu mambo yalikuwa kinyume. Miongoni mwa waliomeza vidonge vitupu, wiki ya 8 ilipokwisha zaidi ya nusu walikuwa wamerudiwa na ugonjwa, na wiki ya 23 ilipotimia hakusalia hata mmoja. Miongoni mwa waliomeza dawa, 12 kati ya 21 walikuwa bado hawajarudiwa siku ile hesabu ilipofungwa. Taarifa ilichapishwa mwaka 1963, na takwimu za watoto hao 42 zimetumika vyuoni tangu wakati huo kufundishia hesabu za uhai. Ni vigumu kuzisoma bila kuwafikiria akina mama 21 ambao kila usiku, kwa uaminifu, waliwapa watoto wao kidonge kitupu. Lakini bila wao pasingekuwa na kopo la bati juu ya kabati kule Biryogo.

Mekaptopurini peke yake haikuponya. Iliahirisha. Ilibidi dawa ziunganishwe na zidumishwe kwa miaka, kazi iliyofanywa na wengi, akiwamo Donald Pinkel katika hospitali ya watoto ya St. Jude mjini Memphis, mpaka ikaonekana, kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, kwamba kiasi cha nusu ya watoto waweza kupona kabisa. Sababu ya urefu huo ni hesabu tu. Mtoto anapogunduliwa kuwa mgonjwa huweza kuwa na chembe za saratani zipatazo bilioni elfu moja mwilini. Daktari asemapo kuwa hazionekani tena, bilioni moja nzima yaweza kuwa bado imo, imetawanyika, na hadubini isiione.

Kuna habari nyingine ya kale inayohusu kila nyumba yenye mtoto wa namna hii. Kabla ya hayo yote, mjini Boston, daktari Sidney Farber alikuwa amewapa watoto wa lukemia asidi ya foliki, ile vitamini ya kujenga damu, akitumaini kuwasaidia. Aliona kana kwamba ugonjwa umetiwa mbolea. Ndipo akageuza mawazo, akatafuta dawa ya kuipinga vitamini hiyo, na mwaka 1948 akaarifu kwamba watoto 10 kati ya 16 walipata nafuu, ingawa kwa muda mfupi. Methotreksati ni ndugu wa dawa ile. Taasisi ya Boston yenye jina la Farber ndiyo iliyokuwa miongoni mwa washirika wa Butaro tangu kituo kilipofunguliwa. Basi shangazi wa mtoto, mwenye huruma kuliko maarifa, alipokuja siku moja na chupa ya vidonge vya kuongeza damu kwa sababu "mtoto amepauka", mama alisoma maandishi ya chupa, akaona asidi ya foliki imetajwa, akairudisha kwa adabu. Daktari alikuwa amemwonya asimpe mtoto vidonge vya namna hiyo bila kumwuliza kwanza. Shangazi alikasirika kwa wiki mbili.

Mama huyo, kwa hiyo, hakuwa mzembe wala asiyeelewa. Hilo ni lazima lisemwe kabla ya kusimulia yaliyotokea Rwamagana.

Alikwenda huko na watoto wakati wa likizo, kwa mama yake mzazi. Kopo la bati lilikuwa ndani ya mfuko. Usiku wa kwanza, bibi alimtazama mjukuu akikunja uso na kumeza, akamwona alivyosukuma kando sahani ya chakula kwa kichefuchefu. Bibi hakugomba. Alisema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu mtoto amepona. Unaloogopa ni nini?" Mjomba akaongeza kwamba hata shamba hupumzishwa. Mama alikuwa hajalala vizuri kwa miezi, mumewe yuko mbali, na kila usiku alikuwa peke yake mbele ya uso ule uliokunjamana. Siku iliyofuata, Jumamosi, kopo halikufunguliwa. Jumapili vilevile. Mtoto akala kama hajawahi kula. Akaongezeka uzito, akacheka, na kila mtu akaona kuwa bibi alisema kweli.

Simu ya Bangui ililia kila usiku kama kawaida. "Amekunywa?" "Amekunywa."

Zilipita siku 11. Jumatano, wakiwa wamerudi Kigali, mama alipanda kigoda, akafungua kopo, akaanza tena. Hakuna aliyemwambia aanze. Alikuwa ameitazama kalenda ukutani, na viraja vile vyeupe vilimtia hofu ambayo kule Rwamagana hakuwa nayo. Alihesabu vidonge vilivyozidi: mekaptopurini 11, na methotreksati sita za Ijumaa moja. Jumla 17. Alifikiria kuvitupa chooni. Mwishowe alivifunga katika pindo la kitenge chake.

Siku ya kwenda Butaro ilipofika, walipanda basi Nyabugogo alfajiri. Mtoto alitolewa damu, wakangoja. Sasa hapa pana jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi, au huambiwa wakati ambapo masikio yamejaa. Katika matibabu haya daktari hataki chembe nyeupe za mtoto ziwe nyingi kama za mtu mzima wa afya. Huzitaka ziwe chache kwa kiasi, na zile zinazopigana na vijidudu, katika kipimo cha kawaida cha maabara, aghalabu hutakiwa zikae kati ya 500 na 1,500. Zikishuka chini mno, dawa husimamishwa, maana homa ndogo yaweza kumwua mtoto. Zikipanda na kukaa juu, hiyo ni alama kwamba dawa haitoshi mwili, na kipimo cha dawa huongezwa.

Mwezi uliotangulia hesabu ilikuwa 1,700. Safari hii ilikuwa 3,600. Daktari, kijana mpole, aliitazama karatasi, akamtazama mtoto. Akauliza kama dawa zimetumika zote. Mama akaitikia kwa kichwa. Daktari akachukua kalamu, akasema kuwa mtoto anakua na kwamba, kwa kuwa hesabu imepanda mara mbili mfululizo, itabidi kipimo cha dawa kiongezwe.

Hapo ndipo mama alipoelewa kwamba uongo wake haukuwa umekaa kimya ndani ya kitenge. Ulikuwa umekwisha kuingia katika karatasi ya maabara, na sasa ulikuwa ukielekea mkononi mwa daktari. Kipimo kingeongezwa kwa ajili ya dawa ambayo haikumezwa; naye, akiwa amerudia uaminifu wake wa zamani, angempa mtoto dawa iliyozidi kila usiku, mpaka uboho uzimike.

Alifungua fundo, akavimwaga vidonge mezani. Kimoja kilibingiria, mtoto akakidaka.

Daktari aliweka kalamu chini. Alivihesabu vidonge kwa ncha ya kidole, viwili viwili. Muuguzi aliyekuwa karibu alisema tu, "Asante, mama," kwa namna ambayo ilimliza mama kuliko kama angekemewa. Kipimo cha dawa kikaachwa kama kilivyokuwa. Aliambiwa kwamba vidonge vilivyokosekana havirudishwi kwa kummezesha mtoto maradufu. Huendelea na cha usiku uliopo. Hesabu ya damu irudiwe baada ya wiki mbili. Akaambiwa na jambo la tatu, ambalo halikuwa la kumfariji. Nchini Marekani, watafiti walioongozwa na daktari Smita Bhatia waliwapa watoto chupa zenye vifuniko vya elektroni vilivyoandika kila siku vilipofunguliwa, na mwaka 2012 wakaarifu kwamba wale waliotumia chini ya 95 kati ya kila vipimo 100 vya dawa walivyoandikiwa walikuwa na hatari ya kurudiwa na ugonjwa mara mbili na nusu kuliko wengine. Hiyo ni sawa na kukosa usiku mmoja au miwili katika mwezi. Mama alikuwa amekosa 11 katika 28.

"Je, utarudi?" aliuliza.

Daktari alisema kwamba siku 11 si sawa na mazoea ya miezi, na kwamba damu ya leo haina chembe mbaya zinazoonekana. Zaidi ya hapo hakusema, kwa kuwa hakuna amwezaye kusema zaidi.

Kwa nini mama mwangalifu kiasi kile alificha? Kwa sehemu ni aibu, na kwa sehemu ni swali lenyewe. Anayeulizwa kila usiku kwa neno moja hujifunza kujibu kwa neno moja. Koplo aliuliza kama mkaguzi wa lindo, naye alijibiwa kama mkaguzi. Hakuna siku aliyouliza kama mkewe amelala, wala nani anashika kopo siku mama akiumwa. Hasemwi hapa kwa ubaya; mtu aliye mbali na mwanawe mgonjwa hushika kile kidogo anachoweza kukishika. Lakini familia za askari zinajua jinsi mlinzi mmoja asiyebadilishwa zamu anavyosinzia, hata akiwa hodari.

Usiku ule simu ililia wakiwa bado njiani, basi likiteremka gizani kuelekea Kigali. Mama hakungoja swali. Alieleza yote, kuanzia Jumamosi ya kwanza hadi kidonge kilichobingiria. Upande wa pili pakawa kimya kwa muda mrefu, hata akadhani mtandao umekatika.

"Mtoto yuko wapi?" koplo akauliza hatimaye.

"Amelala mapajani kwangu."

"Na wewe umekula?"

Alisema hajala. Koplo akamwambia kwamba kuanzia kesho atampigia simu mdogo wake wa kike anayeishi Nyamirambo, ili awe anakuja kushika kopo siku mbili kwa wiki, na mama alale mapema siku hizo. Kisha akauliza zimebaki siku ngapi kwa jumla. Mama hakuwa na kalenda pale, akahesabu kwa kichwa, akakosea, akahesabu upya. Zilikuwa 514, pamoja na ya usiku huo.

Walifika nyumbani saa nne kasoro. Mtoto aliamshwa, akalia kidogo kwa usingizi, akapewa kidonge na maji. Alidai ndizi mbivu kwanza. Akapewa nusu, akameza, akala nusu iliyobaki akiwa amefumba macho.